Sebule ya Karatasi

Wifi yangu alinipigia simu nikiwa kazini, vidole vimegandana gundi, akaniambia kwa ile sauti yake ya asali kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukoo mzima unakutana nyumbani kwake kumpongeza kaka yangu kwa jinsi anavyomtunza mama. Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba arudie. Akarudia. Kumpongeza. Baba mdogo ndiye aliyeleta wazo, mashangazi wameliunga mkono, na yeye kama mama mwenye nyumba alitaka kuwe na kitu cha kupendeza pale mezani. Alikuwa amekiona kwenye harusi ya rafiki yake kile kisanduku cha karatasi chenye taa ndani, akaambiwa ni kazi ya mikono yangu. Basi nimtengenezee kimoja. Ndani iwe sebule yake, mama amekaa katikati, wajukuu wamemzunguka, na kiwashwe mbele ya watu wote taa za chumba zikiwa zimezimwa.

Chakula cha mchana kilinipanda kooni. Sitii chumvi. Nilikimbilia beseni la kunawia nikainama pale mpaka bosi wangu akauliza kama nina ujauzito.

Niseme kwanza kisanduku chenyewe ni kitu gani, maana wengi wakikisikia hudhani ni picha tu ya ukutani. Ni fremu ya mbao yenye kina cha kiganja, mbele ina kioo, nyuma ina ubao wa kufungia. Ndani unapanga karatasi ngumu tabaka baada ya tabaka, kila moja umeikata kwa kisu chembamba ibaki na umbo lake: hapa mlango na pazia, nyuma yake viti, nyuma yake watu, kisha dirisha, na mwisho kabisa karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Kati ya tabaka na tabaka unaweka vijiti vya kadibodi ili pawe na nafasi. Nyuma ya ile karatasi nyepesi unazungusha ukanda wa taa ndogo, na waya wake unatokea kwenye tundu la ubao. Ukiwasha, vya mbele vinakuwa vyeusi, vya nyuma vinang'aa, na anayetazama anahisi kama anachungulia nyumba ya watu usiku. Kinachowapendeza wateja ni kwamba kila kitu mle ndani ni safi. Karatasi haina harufu.

Nyumba ya kaka ndiyo yenye harufu. Kaka yangu tangu utotoni tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hajawahi kuinua hata ndoo ya maji kama kuna mtu mwingine karibu. Baba alipofariki, Mheshimiwa alisimama mbele ya waombolezaji akajipiga kifua, akasema mama ni wake, atamtunza yeye, nyumba anayo na nafasi anayo. Watu walilia kwa furaha. Mama akachukuliwa, akapewa chumba cha nyuma, baada ya jiko, ambacho kilikuwa stoo.

Hakikuacha kuwa stoo. Maboksi ya vigae vilivyobaki wakati wa ujenzi yamepangwa hadi yameziba dirisha. Kuna makopo ya rangi iliyokauka, na kuna friji bovu ambalo wifi hataki kulitupa kwa kuwa lilikuwa zawadi ya harusi yake. Kitanda cha mama kimebanwa kati ya friji na ukuta. Godoro limelowa na kukauka mara nyingi mpaka limejichora ramani. Chini ya kitanda kuna ndoo, kwa sababu choo kiko mbali na magoti ya mama hayasikii dawa, na ndoo ile humwagwa siku mtu akiikumbuka.

Halafu kuna mende. Friji lile ndilo mji wao. Ukiligonga ubavuni unawasikia wakihama ndani, mchakacho wa miguu mingi mikavu. Siku moja nilimwona mmoja akitembea kwenye ukingo wa kikombe cha mama, akanyonya pale palipobaki chai, akaondoka bila haraka kama mwenye nyumba. Mama akaufuta ukingo ule kwa upindo wa gauni, akanywa. Mimi nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya wifi, na sikuyaonea huruma.

Wifi mwenyewe ni mtu wa usafi, muulize atakwambia. Makochi yake yamevalishwa nailoni. Viatu unavua mlangoni. Koridoni kwake kuna kopo la manukato ya ndimu, na kila akipita kwenda jikoni analipuliza kuelekea chumbani kwa mama, yeye akiwa amesimama mbali, mkono umenyooka. Ile ndimu inakutana na mkojo njiani, na ukivuta pumzi hapo unapata ladha yake ulimini siku nzima.

Nilijaribu kumwondoa mama mwaka uliopita. Niliomba kikao nyumbani kwa baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba aondoke, nikayamwaga yote: godoro, ndoo, mende. Baba mdogo akamgeukia mama akamuuliza kama ni kweli. Mama akaitazama mikono yake iliyolala mapajani, akasema yuko sawa, mwanawe anamtunza, hana la kulalamika. Wifi akatoa machozi yake ya akiba. Baba mdogo akanikaripia mbele ya wote kwamba naona kijicho kwa nyumba ya kaka yangu, kisha akapitisha neno: mama haondoki pale mpaka siku atakapotamka mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba anataka kuondoka. Asipotamka, mimi nisilete tena habari hizo. Tulipotoka nilimuuliza mama kwa nini amenivua nguo mbele za watu. Alinijibu tu kwamba kaka yangu ana watu wanaomheshimu.

Tangu siku hiyo nilikuwa naruhusiwa kumwona mama Jumapili tu, wifi akipitapita koridoni kama askari wa zamu. Kwa hiyo nilipomaliza kutapika kwenye lile beseni, nilifikiri haraka. Kisanduku kingenipa sababu ya kwenda kila jioni. Nikikaa na mama jioni baada ya jioni, huenda nikamlainisha, na Jumamosi ile, ukoo wote ukiwa umekaa, akatamka. Nikampigia wifi nikamwambia nimekubali, sharti langu ni kufanyia kazi pale pale nyumbani kwake, ili niione sebule ninayoikata. Alifurahi, ila vipande vya karatasi sebuleni kwake hapana.

"Fanyia kwa mama," akasema. "Kule hakuna cha kuchafuka."

Nikafanyia kwa mama. Nililaza ubao wa kukatia juu ya maboksi ya vigae, nikajifunga mtandio puani, na mama akanicheka, akasema nimefanana na mwizi wa benki. Sikuutoa. Nilikuwa nakata mapazia ya wifi yenye maua, tundu moja moja kwa ncha ya kisu, huku kitu kikinipanda mguuni na mimi siwezi kuruka kwa sababu kisu kiko katikati ya ua. Nilikuwa nakipiga kwa mguu wa pili, nakisikia kikipasuka, naendelea. Usiku nikirudi kwangu nilikuwa naoga kwanza kabla sijasalimia mtu.

Lakini mama alichangamka, hilo lazima niliseme. Alikuwa mtu wa mikono zamani, na hakuna mtu aliyekuwa amempa mikono yake kazi tangu aingie mle. Alinishikia karatasi, akaokota vipande, akaanza kukosoa: kochi langu limepinda mgongo, pazia halianguki vile. Nilipomkata yeye mwenyewe, nikamwinua kwenye balbu amwone, alimkagua sana yule mama wa karatasi akasema nimemnenepesha. Nikamwambia nimemkata anavyotakiwa kuwa. Kisha akauliza nimemkalisha kiti kipi, kile cha dirishani au kile cha karibu na televisheni. Nikasema cha dirishani. Akauliza kama bado kina nailoni.

Nilishusha kisu. Alikuwa anauliza kweli. Sebule iko mwendo wa korido moja tu kutoka kitandani kwake, na hakuwa ameingia huko kwa muda mrefu kiasi kwamba hakujua viti vimevalishwa nini. Nilipokishika tena, kwa hasira nikaukata mkono wa mjukuu mmoja, ikabidi tabaka lile nilianze upya.

Tukaja kwenye gundi. Ile nyeupe ya chupa ina maji mengi, na karatasi nyepesi ya nyuma ilikunjamana kila nilipoipaka. Niliharibu karatasi nzuri kadhaa. Mama akasema hiyo si gundi, ni maziwa, nimsaidie afike jikoni apike gundi ya unga wa ngano, ile aliyokuwa akituvalishia madaftari ya shule. Mimi ni fundi, najua kwamba gundi ya unga ni chakula. Dukani kwetu ni marufuku, maana mdudu mmoja akiinusa anaita ndugu zake wote. Lakini mama alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Wifi hakuwepo. Mama alisimama mbele ya jiko ameegemea bega langu, akakoroga taratibu bila donge hata moja, akaonja kwa ncha ya ulimi kana kwamba ni mchuzi. Ningeanzia wapi kumkataza?

Alipaka yeye, kwa kidole, kila ukingo na kila kijiti, na hakupaka kidogo. Karatasi ilinyooka vizuri kuliko nilivyowahi kuiona ikinyooka. Nilijiambia kisanduku chenyewe ni cha siku moja, wakishakipigia makofi wakitupe jalalani.

Wakati wote huo nilikuwa namchokoza mama. Nilimweleza kwamba kwangu kuna chumba chenye dirisha, choo kiko ubavuni, na godoro halijawahi kulowa. Alikuwa akinisikiliza vizuri, kisha anauliza kama bosi wangu amepona kikohozi. Jioni ya mwisho nilishindwa kujizuia, nikamuuliza anamlinda nani na aibu yote hii. Akasema anamlinda mtoto wake. Nikamwambia na mimi ni mtoto wake.

"Wewe huhitaji kulindwa," akasema. "Wewe una meno."

Nilifunga ubao wa nyuma nikakiwasha kukijaribu. Kilikuwa kizuri mpaka nikakichukia. Sebule ile ya karatasi iling'aa, wajukuu wameegemea magoti ya bibi yao, bibi amenyoosha shingo kutazama nje dirishani. Uongo mtupu, na mimi ndiye niliyeukata kwa mkono wangu. Wifi alichungulia kutoka koridoni, kitambaa puani, akasema nimetia fora. Akaagiza kikae huko huko na kisiwashwe tena mpaka Jumamosi, hataki mgeni akione kabla. Pa kukiweka palikuwa mahali pamoja tu, juu ya friji. Kazi ikawa imekwisha, na ruhusa yangu ya kuja kila jioni ikaisha nayo.

Jumamosi nilikuta viatu vimejaa mlangoni na nailoni zimevuliwa makochini. Mama alikuwa amekalishwa kile kiti cha dirishani. Walikuwa wamemwogesha, wamemvisha gauni jipya lenye mikunjo ya dukani, wamempaka poda shingoni. Nilipoinama kumbusu nilisikia ndimu. Wifi alikuwa amempulizia mama lile kopo la koridoni.

Mchana wote nilikaa bila kugusa chakula. Baba mdogo alinisalimia kwa mkono uliojaa mafuta, akaendelea kung'wafua mfupa huku akiongea, vipande vikimtoka mdomoni na kutua kidevuni. Alisema wana kama Mheshimiwa wamekwisha duniani. Shangazi mkubwa akasema angekuwa na wa hivi hata mmoja angekufa akicheka. Mheshimiwa aliinamisha kichwa kama bibi harusi, akasema yeye hafanyi lolote, ni wajibu tu. Hapo alisema kweli bila kujua. Kila neno lilipotua, nilimtazama mama nikimsihi kwa macho. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Kisha wifi akapiga makofi akaniambia nikalete zawadi. Nilienda chumbani, nikakishusha kisanduku juu ya friji kikiwa kimefunikwa kitambaa, nikakikimbiza nje, maana mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi na harufu yote ilikuwa imejikusanya kuningoja. Nikakiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, karibu na sinia la nyama. Mapazia yakavutwa, taa zikazimwa. Nikachomeka waya.

Kikawaka, na watu wote wakashusha pumzi. Wajukuu wa kweli walisogea wajitafute. Shangazi mkubwa akasema mama anaonekana kama malkia, na baba mdogo akaburuta kiti chake mpaka pua ikakaribia kioo. Nyuma kabisa, kwenye ile anga ya dirishani, kivuli kidogo kikapita, kisha kingine.

"Tazameni," baba mdogo akasema, "hata ndege wanaruka."

Watu wakapiga makofi. Wifi alipiga kuliko wote. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba sikukata ndege.

Kivuli kilichofuata kilikuwa na masharubu. Kilipanda dirisha zima, kikubwa kuliko mlango wa karatasi, na nyuma yake vikaja vingine vikikanyagana. Mende hapendi mwanga, na mwanga wote ulikuwa nyuma, kwa hiyo wakakimbilia mbele. Wakaingia sebuleni. Walipita juu ya makochi, wakapenya kati ya wajukuu, na mmoja mnene akamkalia mama wa karatasi kichwani akiyachezesha masharubu yake huku na huku. Walikuwa wameila gundi yote kingoni. Mjukuu mmoja alilegea akaanguka kifudifudi, akafuatwa na pazia. Ndipo wakafika kwenye kioo.

Mende ukimwona kwa juu unaweza kumvumilia. Mwone kwa chini, tumbo lake la pingili limebanwa kwenye kioo, rangi ya chai iliyochacha, miguu yote inapapasa, na nyuma yake taa nzuri ikimmulika mpaka unaona cha ndani. Walijaa kioo kizima. Shangazi mkubwa alitema alichokuwa akitafuna kwenye kiganja chake akabaki amekishika. Mende wengine walikuwa wameliona tundu la waya, wakawa wanamwagika kwenye kitambaa cheupe na kushika njia ya kwenda kwenye nyama.

Mtu aliwasha taa. Wifi alikuwa wa kwanza kupata sauti, na alininyooshea kidole mimi.

"Ni wa kwake hao," akawaambia watu. "Wametoka kwenye lile duka lake la makaratasi. Wifi, umeniletea uchafu wako nyumbani mwangu, mbele ya wageni wangu."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa masikitiko. Baba mdogo alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akanitazama vile mtu anavyotazama alichokikanyaga.

"Na wewe ndiye uliyetaka kumchukua mama yako," akasema. "Umpeleke kwenye haya?"

Nikisema wametoka chumbani kwa mama, wangemuuliza mama. Mama angeitazama mikono yake na kusema chumba chake ni kisafi, na hapo mambo yangekuwa yamekwisha. Baba mdogo asingenisikiliza tena maisha yangu yote, na mama angetolewa nyuma ya vile vigae akiwa amefunikwa shuka. Nilimgeukia mama, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anaitazama mikono. Alikuwa anawatazama mende, ametulia, kama mtu anayetambua majirani.

"Si wa kwake," mama akasema. "Hao ni wa kwangu."

Hakuna aliyeelewa. Mheshimiwa alimwinamia, akamshika bega, akamwambia kwa upole wa kuonyesha watu kwamba amechoka, waende akapumzike chumbani kwake. Mama aliuondoa ule mkono begani.

"Ni wa chumbani kwangu," akasema. "Wamo kwenye friji. Nalala nao, nakula nao. Gundi niliipika mimi, wakaifuata."

Wifi akaanza kusema kwamba mama siku hizi anachanganya mambo. Baba mdogo akamwambia amwache aseme.

Mama hakusema na baba mdogo. Alisema na mwanawe, bila kupandisha sauti. "Mwaka jana nilimwacha huyu dada yako atukanwe kwa ajili yako. Leo siwezi. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe si yangu, ni yako. Nimekubebea mpaka nimechoka."

Baba mdogo aliinuka. Sidhani kama aliinuka kwa kupenda haki. Nadhani alitaka kuwa mahali popote pasipo na macho ya watu. Alishika njia ya koridoni, wifi akimtangulia akimweleza kwamba chumba hakijapangwa leo, wamekuwa na shughuli, kwa kawaida hakiko hivyo. Tulisikia mlango ukifunguliwa. Tulisikia akikohoa, kisha tukasikia mtu akipiga ubavu wa friji. Alirudi leso ikiwa puani na mafuta bado yako kidevuni, na wifi hakurudi naye. Hata hapo sikuweza kumpenda. Alikuwa na mwaka mzima wa kwenda kufungua mlango ule.

Alisimama mbele ya mama. Neno lilikuwa lake, alilipitisha mwenyewe, na watu wote walikuwa wanalikumbuka.

"Shemeji," akasema, "unataka kuondoka hapa?"

Mheshimiwa alipiga goti karibu na kiti chake, akasema, "Mama," akamshika upindo wa gauni. Nilidhani mama atashindwa. Nilimwona akimtazama mwanawe usoni, uso ule ule aliokuwa akiupangusa kamasi zamani, na mimi nikauma meno mpaka yakaniuma.

"Nataka," mama akasema. "Leo hii."

Nikamwinua. Nilimuuliza kama kuna kitu cha kuchukua chumbani, akasema hakuna kitu kule kisichonuka, twende. Tulivuka sebule taratibu kwa sababu ya magoti yake, na mashangazi wakavuta miguu kutupisha, macho chini. Wale waliokuwa wakimwita malkia sasa walikuwa wanabana pua kwa siri, kwa kuwa ndimu ilikuwa imeanza kuisha na kilichokuwa chini yake kilikuwa kinapanda. Sikubana yangu. Nilimshika mama kiunoni, nikaegemeza shavu langu kwenye nywele zake.

Nyuma yetu Mheshimiwa hakujua mikono yake aipeleke wapi. Aliokota kandambili ya mtu mlangoni, akarudi mezani, akaanza kuwapiga mende kwa nguvu zake zote, juu ya kile kitambaa cheupe, kando ya nyama, majimaji yakimrukia shati. Alikuwa analia, na alikuwa anapiga hata pale pasipo na kitu. Mama alisimama kizingitini akageuka kumtazama.

"Waache," akamwambia. "Hao ndio waliokuwa wanaingia kuniona."